Nimeshindwa uenyekiti wa kijiji kwa kura 19: je, mahakama inaweza kutengua matokeo?

*"Habari za majukumu, Wakili. Niligombea uenyekiti wa kijiji wilayani Kongwa katika uchaguzi wa Novemba 27. Matokeo yalitangazwa usiku uleule: mimi kura 331, mwenzangu 350. Wakati kura zinahesabiwa wakala wangu alitolewa nje kama nusu saa, kisha akarudishwa. Pia kwenye orodha ya wapiga kura tumeona majina ya watu wa kijiji jirani, wengine tunawajua kwa sura, na siku hiyo walipiga kura. Wakala alisaini fomu ya matokeo kwa sababu alitishwa. Nimemwandikia Mkuu wa Wilaya barua, sijajibiwa. Wazee wananiambia matokeo yakishatangazwa hayapingwi. Kijana mmoja anasema lazima niweke milioni tano. Mwingine ananiambia niende Tume ya Uchaguzi hapo Dodoma. Nakala ya fomu sina, ila binti yangu aliipiga picha ile iliyobandikwa ofisi ya kijiji. Je, naweza kwenda mahakamani? Na nikishinda, nitatangazwa mimi?"*

Ndugu yangu, pole kwa yaliyokukuta, na ahsante kwa kuyaeleza kwa mpangilio. Naandika hili wiki ya pili ya Desemba 2024, kwa hiyo bado uko ndani ya muda. Wengi huja kuuliza swali kama lako wakati palizi imeanza na mlango umeshafungwa, na hapo hakuna wakili anayeweza kuwasaidia sana.

Jibu fupi ni kwamba unaweza kwenda mahakamani. Kanuni za uchaguzi wa viongozi wa vijiji zinampa mgombea ambaye hakuridhika na matokeo haki ya kufungua shauri katika Mahakama ya Wilaya, kwako wewe Mahakama ya Wilaya ya Kongwa, ndani ya siku 30 tangu matokeo yatangazwe. Ama kutangazwa wewe badala ya mwenzako, usilijenge tumaini hapo. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuondoe yale uliyoambiwa, maana kila moja lina chembe ya ukweli iliyotoka kwenye uchaguzi mwingine.

Wazee wanaosema matokeo hayapingwi wanakumbuka Ibara ya 41(7) ya Katiba. Ibara hiyo inamhusu Rais peke yake: Tume ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama inayoruhusiwa kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mimi naiona ibara hiyo ni kasoro, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilishasema Julai 2020 kwamba inakiuka haki ya mtu kusikilizwa. Lakini hata ikibaki ilivyo, haikugusi. Ubunge unapingwa Mahakama Kuu, udiwani una utaratibu wake mahakamani, na uenyekiti wa kijiji, mtaa na kitongoji nao una mlango wake.

Milioni tano zimetoka kwenye kesi za ubunge. Huko sheria ilikuwa inamtaka anayepinga matokeo aweke shilingi milioni tano kwa kila anayemlalamikia, ziwe dhamana ya gharama. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Ndyanabo dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ilisema sharti lile kwa namna lilivyokuwa linamfungia maskini mlango wa haki na linavunja Katiba. Sheria ikarekebishwa ili mlalamikaji aweze kuiomba mahakama impangie kiasi anachokimudu au imsamehe. Kwa hiyo hata mgombea ubunge leo habanwi kama zamani, na wewe hukugombea ubunge. Ulizia masjala ya Mahakama ya Wilaya ada ya kufungua shauri ni kiasi gani, na kama kuna chochote kingine unachotakiwa kuweka. Uliza kabla hujauza gunia hata moja la mahindi.

Kuhusu Tume, huyo ndugu hakukudanganya kwa makusudi. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliyotungwa mwaka huu imeitaja kazi ya kusimamia uchaguzi wa vijiji, mitaa na vitongoji, lakini kwa utaratibu utakaowekwa na sheria nyingine ya Bunge. Uchaguzi huu wa Novemba uliendeshwa na Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), kwa kanuni zilizotolewa na Waziri mwezi Julai, Tangazo la Serikali namba 571 hadi 574. Hata orodha iliyotumika kijijini kwenu siyo Daftari la Kudumu la Tume. Ni ile mliyojiandikisha kati ya Oktoba 11 na 20. Ukipanda basi kwenda Tume utapokewa vizuri na kurudishwa mikono mitupu, na siku yako moja itakuwa imekwenda. Ukienda TAMISEMI kule Mtumba watakusikiliza, lakini Waziri hana kalamu ya kufuta matokeo yaliyokwisha kutangazwa. Hiyo ni kazi ya hakimu.

Vivyo hivyo barua uliyompelekea Mkuu wa Wilaya. Hujakosea kuiandika, na uitunze nakala yenye mhuri wa kupokelewa, kwa sababu inaonyesha ulilalamika mapema na hukubuni hadithi baadaye. Ila haisimamishi saa. Siku zako 30 zilianza kuhesabiwa mara baada ya usiku ule wa Novemba 27, barua ijibiwe isijibiwe.

Tuzihesabu pamoja. Siku ya kutangazwa haihesabiwi, kwa hiyo Novemba 28 ndiyo ya kwanza na ya 30 ni Ijumaa, Desemba 27. Hapo katikati kuna Krismasi na siku ya kufungua zawadi, ofisi nyingi zitakuwa nusunusu, na mawakili wengi watakuwa wamesafiri kwao. Mashauri siku hizi yanasajiliwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Mahakama: hati zinapakiwa, mfumo unatoa kumbukumbu namba ya malipo, unalipa, ndipo shauri linapata namba. Nimeona watu wakipakia hati siku ya mwisho jioni, malipo yakaingia kesho yake, na mabishano ya kwanza mahakamani yakawa ni tarehe gani shauri lilifunguliwa. Usijiingize huko. Tarehe yako ya mwisho iwe Ijumaa, Desemba 20, na siku utakayopata namba ya malipo, lipa siku hiyohiyo na utunze risiti.

Nalisisitiza hili kwa sababu mashauri mengi ya aina hii hayafi kwa kukosa ukweli. Yanakufa kwenye mapingamizi ya awali, kabla shahidi hata mmoja hajapanda kizimbani. Wakili wa upande wa pili atasimama na kusema shauri limeletwa nje ya muda, au limeletwa mahakama isiyo yake, au hati yake haikuthibitishwa na mlalamikaji inavyotakiwa, au ameachwa mtu aliyepaswa kuunganishwa. Kasoro ndogo mahakama inaweza kuivumilia, hasa tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018 ili haki isizuiwe na ufundi mtupu. Muda na mamlaka ya mahakama si kasoro ndogo. Hata pale shauri linapoondolewa kwa kasoro inayorekebishika, na kwa sheria unaruhusiwa kulileta upya, siku 30 zinakuwa zimekwisha. Ndiyo maana wiki moja ya akiba ina thamani kuliko hoja nzuri.

Sasa tuje kwenye moyo wa jambo lenyewe: mahakama itatafuta nini?

Watu wengi wanaingia wakiamini kwamba wakionyesha kanuni ilivunjwa, matokeo yanaanguka. Sheria yetu ya uchaguzi haiendi hivyo. Inauliza maswali mawili yanayofuatana. Je, kanuni zilivunjwa? Na je, uvunjaji huo uliathiri matokeo? La pili ndilo gumu. Mwaka 1967, katika kesi ya Mbowe dhidi ya Eliufoo, Jaji Mkuu Georges alieleza maana ya kuathiri matokeo kwa namna ambayo mahakama zetu zimeendelea kuifuata: ukiondoa athari ya kasoro zilizothibitishwa, halafu ushindani ukaonekana kuwa wa karibu sana kuliko ulivyotangazwa, matokeo yameathirika. Lakini kama aliyeshinda ameacha pengo kubwa, kiasi kwamba hata ukimpunguzia kura nyingi bado yuko mbele kwa mbali, kasoro hizo hazitoshi. Mzigo wa kuthibitisha ni wako wewe unayelalamika, na kiwango ni cha juu, mahakama iridhike kwelikweli, kwa sababu inaombwa kufuta uamuzi wa wananchi mamia waliopanga mstari.

Kwako pengo ni kura 19. Hilo ndilo linalonifanya nikuandikie kwa urefu. Mtu aliyeshindwa kwa kura 300 akiniletea malalamiko hayahaya, ningemwambia apumzike. Pengo la 19 linaweza kufunikwa na kasoro moja iliyothibitishwa vizuri.

Tuanze na majina ya watu wa kijiji jirani, maana hiyo ndiyo hoja yako yenye nguvu. Mwenye haki ya kupiga kura kijijini ni mkazi wa eneo hilo, raia, mwenye miaka 18 au zaidi na aliyejiandikisha. Asiye mkazi akipiga kura, kanuni imevunjwa. Unasema "tumeona majina", lakini hukuniambia mangapi, na hapa idadi ndiyo kila kitu. Wakiwa saba, hata kama wote walimchagua mwenzako, pengo linabaki 12, naye bado ameshinda. Wakiwa 25 na ukathibitisha kwamba walipiga kura, hali inabadilika kabisa. Mahakama haitauliza walimpigia nani. Kura ni siri, na huruhusiwi kumsimamisha mtu kizimbani umuulize alimchagua nani. Itaangalia tu kwamba kura zisizo halali ni nyingi kuliko pengo, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika nani alishinda.

Kwa hiyo kazi yako ya wiki hii ni kukaa na watu wawili watatu wanaoijua vizuri orodha ile na kuandika majina, moja moja. Kwa kila jina andika kijiji na kitongoji anachoishi, nani anaweza kuja kuthibitisha makazi yake, na nani alimwona akipiga kura. Shahidi mzuri wa makazi ni jirani yake wa huko anakoishi, au mwenyekiti wa kitongoji chake, au jina lake kuonekana pia kwenye orodha ya kijiji hicho kingine. Shahidi wa kupiga kura ni wakala aliyekuwepo chumbani, na zaidi yake ile orodha yenyewe iliyotumika kituoni, yenye alama mbele ya kila aliyepiga. Orodha hiyo anayo msimamizi wa uchaguzi. Wakili wako ataiomba mahakama iamuru iletwe, na aombe mapema kwamba isipotezwe wala isichanganywe. Jina usilokuwa na uhakika nalo, liache. Majina 22 yaliyosimama yana nguvu kuliko 40 ambayo 15 kati yake yanaanguka kwenye maswali, kwa sababu yakianguka hayo, hakimu ataanza kuyatilia shaka na mengine.

Jiandae na jibu la upande wa pili. Watasema orodha ilibandikwa baada ya uandikishaji ili watu waikague, na kwamba wewe ulinyamaza. Kama ulipinga, au kuna mtu alipinga, tafuta karatasi. Kama hukupinga, mwambie wakili ukweli tangu mwanzo, pamoja na sababu. Kunyamaza hakumgeuzi mgeni kuwa mkazi, lakini hakimu atataka kujua.

Hoja ya wakala kutolewa nje naiona dhaifu ikisimama peke yake, ingawa najua ndiyo inayokuuma zaidi. Wakala ni jicho lako, na kumtoa wakati kura zinahesabiwa ni kosa. Lakini mahakama itauliza: katika nusu saa ile nini kilitokea? Hapa kuna hesabu ambayo karibu kila kijiji kinaweza kuifanya. Chukua picha ya binti yako, jumlisha 331, 350 na zile zilizoandikwa kuwa zimeharibika. Hiyo ndiyo idadi ya karatasi zilizotoka kwenye sanduku. Kisha linganisha na idadi ya watu waliowekewa alama kwenye orodha kwamba wamepiga kura. Kama karatasi ni nyingi kuliko watu, una jambo zito mkononi, na nusu saa ya wakala kuwa nje inapata maana. Kama zinalingana, bado inawezekana kura zilisomwa vibaya au zilihamishwa kutoka fungu moja kwenda jingine, na hapo unaweza kuiomba mahakama iamuru karatasi zihesabiwe upya. Lakini usiseme sanduku liliongezwa kura wakati namba zinakukatalia.

Sahihi ya wakala isikuvunje moyo. Kusaini fomu hakumfungi mgombea asiende mahakamani. Kunapunguza tu uzito wa maneno ya wakala, kwa sababu ataulizwa mbona alikubali. Ikiwa alitishwa, aeleze nani alimtisha, kwa maneno gani, saa ngapi, na nani mwingine alisikia. "Nilitishwa" peke yake ni neno jepesi sana mbele ya hakimu. Na kama kulikuwa na wakala wa chama kingine chumbani, huyo ni shahidi wa dhahabu kwako, kwa sababu hana sababu ya kukupendelea.

Kuhusu picha: usiifanyie kitu chochote. Usiikate pembeni, usiiongezee mwanga, usitegemee nakala iliyopita kwenye makundi ya WhatsApp. Inayotakiwa ni ile iliyomo kwenye simu iliyoipiga. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii, lakini mahakama inataka iridhike kwamba haujachezewa, na anayeweza kueleza hivyo ni binti yako mwenyewe: alikuwa wapi, saa ngapi, aliipiga kwa simu ipi, imehifadhiwaje tangu siku ile. Simu ile isiuzwe wala isifanyiwe ukarabati. Na kwa kuwa fomu halisi iko kwa msimamizi, wakili atatoa notisi ya kumtaka ailete. Asipoileta, picha yako inapata nafasi.

Jambo jingine ni namna hati yenyewe inavyoandikwa. Iandikwe kwa Kiswahili bila wasiwasi. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na kanuni zenyewe za uchaguzi ziko kwa Kiswahili. Lakini iandikwe kwa kina. Kituo kipi, saa ngapi, nani alifanya nini, majina mangapi na yapi. Ukiandika "uchaguzi ulitawaliwa na vurugu na upendeleo", wenzako wataomba aya hiyo ifutwe, na watakuwa na haki. Isitoshe, mlalamikaji anafungwa na hati yake: jambo ambalo hukuliandika huwezi kuja kulileta kwa mdomo wa shahidi miezi mitatu baadaye. Usiruhusu pia mtu mwingine afungue kwa niaba yako kwa kuwa wewe unaogopa macho ya watu. Katika kesi ya jimbo la Arusha Mjini, wapiga kura walifungua shauri na kushinda Mahakama Kuu, lakini Desemba 2012 Mahakama ya Rufani ikawarudishia patupu kwa sababu hawakuonyesha haki zao wenyewe zilivyoguswa. Mgombea ni wewe. Jina liwe lako.

Sasa swali lako la mwisho. Ukishinda, kinachotarajiwa ni uchaguzi kutenguliwa na wananchi kurudi kupiga kura. Hoja yako kubwa, ile ya wasio wakazi, haisemi kwamba wewe ulishinda. Inasema kwamba hakuna anayejua nani alishinda, na dawa ya hali hiyo ni kuuliza wapiga kura upya. Ni pale tu kuhesabu upya kunapoonyesha wazi kwamba karatasi zako ni nyingi ndipo unaweza kuomba kitu zaidi ya hicho. Wakati wote shauri linaendelea, mwenzako ndiye mwenyekiti. Ataendesha vikao vya halmashauri ya kijiji, atagonga mihuri, na utakapohitaji barua ya utambulisho utaifuata kwake. Na atakayeshindwa Kongwa anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, Kanda ya Dodoma. Kipindi chote ni miaka mitano, na shauri linaweza kula sehemu ya kipindi hicho.

Kuna gharama pia. Ukishindwa, mahakama inaweza kukuamuru ulipe gharama za wenzako. Kuna nauli za mashahidi kwenda na kurudi Kongwa mjini, na siku zao za shamba, na mvua ndiyo hizi zimeanza. Kuna na lile lisiloandikwa kwenye hati: watu utakaowataja kuwa si wakazi ni watu mnaokutana mnadani, wengine mna undugu wa ndoa. Nakutajia haya ili uamue ukiwa unayaona, wala sikutishi. Nikiulizwa mimi, kwa pengo la 19, kama orodha yako ikifika majina 20 na zaidi yenye mashahidi wawili wawili, ningefungua. Ikiishia kumi, nisingefungua, hata kama nina hakika moyoni kwamba nimeonewa.

Ukifikia uamuzi wa kutofungua, hujaachwa mikono mitupu. Kama kuna aliyetoa au kupokea fedha ili kura ipigwe, TAKUKURU wanapokea taarifa, na kosa hilo halina ukomo wa siku 30. Linaweza kumfikisha mtu kwenye adhabu, ila halitakurudishia kiti. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao wewe ni mjumbe kama mtu mzima yeyote mkazi, unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo unaweza kudai mapato na matumizi yasomwe. Mwenyekiti aliyepita kwa kura 19 anajua fika kwamba karibu nusu ya kijiji kinamtazama. Nimeona wagombea walioshindwa wakiwa na sauti kubwa kuliko waliokaa mezani, kwa kuhudhuria tu kila mkutano na kuuliza maswali yenye tarakimu.

Msaada wa ana kwa ana, kwa jambo hili, unauhitaji na unauhitaji wiki hii. Mimi sijaona orodha wala picha, na makala haiwezi kusaini hati yako. Tafuta wakili Kongwa au Dodoma mjini. Pale kwenye Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki hukosi kuelekezwa kwa mawakili walio karibu. Kama fedha ni tatizo, wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo wilayani, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza, na watu wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pia husaidia mashauri ya aina hii. Chama kilichokudhamini nacho kiulize, kwa kuwa vyama vingi vina mawakili waliotengwa kwa mashauri haya. Swali la kwanza la kumuuliza wakili ni nani hasa wa kuwashitaki pamoja na mshindi: msimamizi wa uchaguzi kwa cheo chake, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, au wote. Ukimsahau mmoja, pingamizi la awali limepata chakula.

Uende kwake na simu ya binti yako, nakala ya barua ya Mkuu wa Wilaya, barua ya utambulisho wa wakala wako, na daftari lenye majina uliyoyaandika. Wakala aende na wewe, na asimulie mwenyewe bila wewe kumkumbushia. Wakili akimsikiliza dakika kumi atajua kama anatosha kuwa shahidi.